Gari Moja Tu la Kimarekani

Dearborn, Michigan
2 Septemba

Ndugu yangu Salim,

Salamu nyingi baada ya salamu. Natumaini barua hii itakukuta wewe, shemeji na watoto mkiwa wazima wa afya, na kwamba Baba Mzee anaendelea vizuri na macho yake. Sisi huku hatujambo. Tunamalizia joto tuliloletewa na Agosti na kuanza kuyatafuta makoti yalikofichwa.

Katika barua yako ya mwisho uliniuliza swali ambalo mwanzoni nililichukulia kuwa ni mzaha: kama ningeruhusiwa kumiliki gari moja tu la zamani la Kimarekani, moja na si mawili, na nikakatazwa kuliuza mpaka kufa, ningechagua lipi. Ukaongeza kwamba wewe jibu lako unalo tayari, ni Ford Mustang ya 1965, nyekundu, na kwamba hutarajii mtu aliyekaa Michigan miaka kumi na mmoja akubishie. Swali hilo nimelala nalo na kuamka nalo wiki tatu nzima, na leo nimekaa kitako kukujibu. Nitakubishia.

Kwanza niitendee haki Mustang yako. Ilizinduliwa tarehe 17 Aprili 1964 katika Maonyesho ya Dunia ya New York, kwa bei iliyoanzia dola 2,368, na kabla ya miaka miwili kutimia zilikuwa zimekwisha kutengenezwa milioni moja. Sipingi kwamba ni nzuri. Boneti ndefu, buti fupi, na vijana wa wakati ule waliikimbilia kama nyuki wanavyolikimbilia ua. Lakini wewe ni fundi, na unajua kwamba ukiilaza chali utakuta humo chini viungo vingi vya Ford Falcon, gari la kawaida kabisa la mtu wa kawaida. Isitoshe, kila Jumamosi ya tatu ya Agosti hapa kwetu barabara ya Woodward hujaa magari ya zamani kuanzia Ferndale hadi Pontiac, na siku hiyo Mustang huwa ni kama dagaa sokoni, zimetandazwa kila mahali. Ndoto yangu ya maisha siwezi kuiokota kwenye fungu la dagaa. Unisamehe kwa maneno hayo.

Nimepita pia kwenye Cadillac ya 1959, ile yenye mapezi makubwa nyuma na taa mbili mbili mfano wa risasi. Nilisimama kando yake mwaka jana nikacheka peke yangu, maana haiwezekani kuitazama bila kucheka. Ni gari la kupigia picha ya harusi. Corvette ya 1963 ilinishika kwa muda mrefu zaidi, ile ambayo kioo chake cha nyuma kimegawanywa katikati kwa mshipa wa bodi, jambo lililomuudhi mhandisi wake, Zora Arkus-Duntov, kwa sababu dereva hakuweza kuona vizuri nyuma, na mwaka uliofuata mshipa ule ukaondolewa. Ina viti viwili tu. Mimi nina mke, watoto watatu na mama mkwe, na sitaki gari ambalo kila nikiliwasha nitakuwa nimemwacha mtu mlangoni.

Chaguo langu ni Lincoln Continental, ya mwaka 1963, yenye milango minne na paa la bati, si la turubai.

Ninakuomba uvumilie, kwa sababu hapa ndipo penye maneno. Mtaani kwetu yupo mzee mstaafu ambaye alifanya kazi kiwandani maisha yake yote, na ndani ya banda lake amelihifadhi gari hilo hilo, la rangi ya buluu iliyokoza. Nilikuwa nimeliona mara nyingi likipita, lakini siku moja mwezi Juni aliniita nimsaidie kulitoa nje, na hapo ndipo nilipolishika kwa mkono. Vishikio vya milango miwili ya upande mmoja vimekaa jirani, kimoja kinakaribia kugusa chenzake. Mlango wa mbele unafunguka kama mlango wa gari lolote, ila wa nyuma bawaba zake ziko nyuma, kwa hiyo ukiifungua yote miwili kwa pamoja inaachana kutoka katikati, mmoja ukienda mbele na mwingine nyuma, na kati yake inabaki nguzo moja nyembamba. Salim, nilisimama pale nikiwa nimeshika milango miwili kama bawabu, na kilichonijia akilini ni mlango wa nakshi wa nyumba ya bibi yako kule Pangani, ule wa mbao mbili zinazokutana kwenye mfaa. Tofauti ni kwamba ule wa bibi hufungukia ndani. Mlango wenyewe wa gari ni mzito, na ulipofungwa haukupiga kishindo. Ulitoa sauti ya kopo la chai linapofunikwa.

Watu wengi hudhani milango ile iliwekwa hivyo kwa mbwembwe. Sababu yake ni ya kifundi kuliko hivyo. Gari hili lilipokuwa likichorwa, wahandisi waliojaribu kuingia na kutoka kiti cha nyuma walikuwa wakiipiga milango kwa miguu, kwa kuwa umbali kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma ulikuwa mfupi kwa gari la hadhi ile, inchi 123 tu. Wakahamisha bawaba nyuma, na tatizo likaisha. Na kwa kuhofia kwamba mlango wa namna hiyo usipofungika sawasawa upepo utaukamata njiani, wakaweka kwenye dashibodi taa ya kumwonya dereva kwamba kuna mlango uliobaki wazi. Leo taa hiyo iko kwenye kila gari na hakuna anayeiona kuwa ni kitu.

Lakini kinachonivuta zaidi ni namna lilivyozaliwa. Lincoln za 1958 hadi 1960 zilikuwa majitu, urefu wake ukikaribia mita 5.8, na ziliitia kampuni ya Ford, yenye jina hilo la Lincoln, hasara kubwa kiasi kwamba palikuwa na mazungumzo ya kulifuta kabisa jina la Lincoln. Wakati huo mchoraji Elwood Engel alikuwa ametengeneza mfano wa Ford Thunderbird ya milango miwili. Robert McNamara, aliyekuwa mmoja wa wakuu wa Ford na ambaye baadaye alikuja kuwa Waziri wa Ulinzi wa Rais Kennedy, aliuona mfano huo akaagiza uongezwe milango miwili na ufanywe Lincoln. Basi gari lililotoka mwaka 1961 lilikuwa fupi kuliko lile lililolitangulia kwa karibu sentimita 38. Mapezi yaliondolewa. Mikunjo ya ubavuni iliondolewa, na nikeli yote iliyokuwa imepakwa kila mahali ikapunguzwa ikabaki mstari mmoja mwembamba unaopita juu ya ubavu kutoka taa ya mbele hadi ya nyuma. Katika nchi ambayo kila mwaka kiwanda kilikuwa kinaongeza kitu ili jirani aone kwamba umenunua jipya, hawa walipunguza, kisha wakakaa miaka kadhaa bila kubadilisha sura ya gari ila kwa mambo madogo. Mimi nadhani huo ulikuwa ujasiri mkubwa kuliko kuweka injini kubwa.

Injini nayo haikuwa ndogo, usije ukanicheka. Ni silinda nane, inchi za ujazo 430, yaani lita saba, na kila moja ilijaribiwa kiwandani kwa saa tatu kabla ya kufungwa, halafu gari zima likaendeshwa barabarani maili 12 kabla ya kukabidhiwa. Ndiyo maana waliweza kutoa dhamana ya miaka miwili au maili 24,000, wakati ambapo wenzao hawakuthubutu. Nimechagua mwaka 1963 kwa sababu ambazo wewe utazielewa kuliko mtu mwingine: kabureta ilikuwa imekuwa ya midomo minne na nguvu ikapanda kutoka farasi 300 hadi 320, na dainamo ikapisha alternata, kwa hiyo usiku ukisimama kwenye foleni taa hazififii. Ukingoja mwaka 1964 unakuta gari limerefushwa inchi tatu na vioo vya pembeni vilivyokuwa na mbinuko vimekuwa bapa, na mimi kile kibinuko nakitaka.

Utaniuliza kwa nini nimeikataa ya turubai, na ndiyo inayotafutwa na matajiri, kwani mwaka 1961 zilitengenezwa 2,857 tu na mwaka 1967 zikakoma. Nimeiona ikifunguliwa. Kifuniko cha buti kinanyanyuka kuanzia upande wa mbele, paa linajikunja lenyewe, linazama humo ndani kama kasa anayerudi kwenye gamba, kifuniko kinashuka, na hakuna chochote kinachobaki kuonekana. Yote hayo hufanywa na mota, pampu za haidroliki, na msururu wa swichi na rilei, yaani swichi zinazowashwa na umeme wenyewe, ambazo kila moja inangoja mwenzake amalize kazi, bila kompyuta hata moja. Rilei moja ikigoma, paa linasimama katikati ya safari likiwa limeelekea mbinguni. Mzee wangu alinihadithia rafiki yake aliyepatwa na hayo mvua ikiwa imeanza, na buti lenyewe paa likishaingia halina nafasi hata ya kapu la sokoni. Starehe ya namna hiyo nawaachia wenyewe.

Jambo moja linanitia wasiwasi, nalo ni kutu. Gari hili halina chesisi peke yake na bodi peke yake. Vimechomelewa kuwa kitu kimoja, na uzito wake ni zaidi ya tani mbili. Huku wakati wa baridi humwaga chumvi barabarani ili kuyeyusha barafu, na chumvi hiyo hula magari kwa chini kama mchwa, taratibu, huku rangi ya juu ikiwa bado inang'aa. Kwa hiyo gari la ndoto yangu lisingetoka Michigan lilikozaliwa. Ningelifuata Arizona, kwenye jangwa, hata kama viti vyake vimepasuka kwa jua. Viti hushonwa. Petroli sitaki tuizungumze: ni kilomita nne au tano kwa lita, na mke wangu anaisoma barua hii.

Watoto huwa nawapeleka kwenye jumba la makumbusho la Henry Ford, hapa hapa mjini kwetu, ambako limewekwa lile gari alimouawa Rais Kennedy tarehe 22 Novemba 1963. Ni Continental ya 1961 iliyorefushwa. Watu hawajui kwamba baada ya mauaji lilirudishwa karakana, likavikwa silaha na paa la kudumu, likaendelea kuwabeba marais hadi 1977. Mwanangu wa kwanza aliniuliza nani alikubali kukaa tena kwenye kiti kile, na sikuwa na la kumjibu.

Sasa nina ombi. Mlango wa nyuma wa kulia wa gari la mzee huyu unashuka kidogo unapofunguliwa, kiasi cha unene wa sarafu, na ili ufungike lazima uuinue kwa goti. Yeye anasema ni pini za bawaba zimelika, na za dukani zilizopo hazimridhishi. Nakumbuka Baba Mzee alipokuwa na karakana pale Ngamiani alikuwa akitengeneza pini za milango ya Peugeot 404 kwa mkono, akizichonga kutoka kwenye chuma ambacho sikuwahi kujua alikitoa wapi. Naomba umuulize ilikuwa ni chuma cha kitu gani, na kama alikuwa akizitia moto kabla ya kuzipaka grisi au la. Nimeambatanisha picha mbili za bawaba hiyo. Mwoneshe akiwa amekaa dirishani penye mwanga.

Wasalimie wote nyumbani.

Wasalaam,
Ndugu yako,
Bakari