Panya wa maabara na kengele ya saa kumi alfajiri

Ndugu Mhariri,

Msomaji aliyeandika katika safu hii wiki iliyopita aliyabeza majaribio yanayoonyesha kwamba kukosa usingizi huharibu kumbukumbu, kwa kusema kwamba panya anayedondoshwa majini lazima asahau, maana amechanganyikiwa kwa hofu. Hoja hiyo ina uzito, ila imepiga mbinu ya zamani.

Katika mbinu hiyo panya huwekwa juu ya kijukwaa chembamba kilichozungukwa na maji. Akiingia kwenye usingizi wa ndoto misuli hulegea, anatumbukia, anazinduka. Baada ya siku kadhaa za hivyo, nani atajua kilichoharibu kumbukumbu ni kukosa usingizi au ni mateso?

Ndiyo maana wengine walibadili njia. Mwaka 2003 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, walichapisha jaribio lisilo na maji kabisa. Panya mdogo aliingizwa kwenye kisanduku kigeni, akasikia mlio, kisha akapigwa shoti ndogo ya umeme miguuni. Kwa saa 5 zilizofuata hakuachwa alale: akisinzia, kizimba kinagongwa au kiota kinavurugwa, basi. (Hayo hufanywa mchana, ndio usiku wa panya.) Kesho yake aliporudishwa kisandukuni hakuganda kwa woga kiasi cha wenzake waliolala, ishara kwamba mahali pale alipasahau. Mlio, hata hivyo, aliukumbuka vizuri. Kama tatizo lingekuwa hofu au uchovu tu, vyote viwili vingepotea. Kilichopotea ni kumbukumbu ya mahali, ile inayotegemea sehemu ya ubongo iitwayo hipokampasi. Na panya walioanza kukeshezwa saa 5 baada ya shoti, wakiwa wameshapata nafasi ya kulala kwanza, hawakusahau.

Mwaka 2009 jarida la Nature lilichapisha kazi nyingine iliyotoka chuo hichohicho. Saa 5 za kukesha ziliongeza utendaji wa kimeng'enya kinachovunja kemikali ya kupeleka ujumbe ndani ya seli za hipokampasi. Panya waliopewa dawa ya kukizuia walikumbuka, ingawa hawakulala. Hapo sioni hoja ya maji inaingilia wapi.

Nafundisha shule ya bweni. Prepu ya usiku inaisha saa nne, taa zinazimwa saa tano, na saa kumi alfajiri kengele inalia, prepu tena. Panya hawawezi kuniambia mwanafunzi anapoteza alama ngapi, wala sitajifanya wameniambia. Ninachoona ni kwamba tunawakata watoto usingizi uleule unaofuata masomo ya usiku, halafu saa nne asubuhi tunawachapa kwa kusinzia kwenye hesabu.

Wakuu wa shule wanaotaka ushahidi wa nyumbani wanaweza kuutafuta kwa bei rahisi: mkondo mmoja wa kidato cha pili uamshwe saa kumi na moja na nusu kwa muhula mmoja, mwingine ubaki na saa kumi, kisha majibu ya mtihani wa muhula yabandikwe ubaoni tuyasome wote.

Mwalimu wa baiolojia,
Morogoro