Dawa ya ndovu hupimwa, ya ng'ombe wetu je?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie dawa za mitishamba kwa mifugo, nikianzia mbali kidogo, kwa ndovu (sisemi tembo, kwa kuwa huku Pemba tembo ni la mnazi, yaani pombe).

Katika hekalu la Guruvayur, jimbo la Kerala nchini India, ifikapo Julai, msimu wa mvua za huko, ndovu wa hekalu hilo hupumzishwa na kutunzwa kwa siku 30. Huogeshwa na kusuguliwa, kisha hulishwa matonge ya wali uliochanganywa na choroko, manjano, chumvi na unga wa mitishamba, pamoja na vitamini. Manjano hata sisi tunayo. Ninachowaonea wivu ni mizani ya kupimia dawa, na daktari wa mifugo anayesimamia shughuli hiyo.

Mwaka jana ndama wangu alipata kidonda chenye funza juu ya ukwato. Mzee mmoja wa jirani alitwanga majani ya mwarubaini na manjano, akakoroga kwa mafuta ya nazi, akawa anampaka asubuhi na jioni hadi kidonda kikafunga. Baadaye ng'ombe mwengine alipovimba tumbo, mzee yule yule alimnywesha maji ya mwarubaini, na nilipomuuliza kiasi gani, alinijibu, "Kiasi cha mkono, mwanangu." Ng'ombe alikufa usiku ule ule. Sisemi kuwa dawa ndiyo iliyomuua, kwani huenda ni gesi; lakini daktari aliponiuliza mnyama amekunywa nini na kwa kipimo gani, sikuwa na la kumjibu.

Wala kipimo cha Kerala hatuwezi kukiazima. Ndovu hacheui, na chakula chake huchachukia kwenye utumbo wa nyuma kama cha farasi, ilhali cha ng'ombe huanza kuchachukia tumboni.

Ombi langu kwa wizara inayohusika na mifugo ni kuwa maofisa wake wakae na wazee wetu, wapime kibaba cha majani kina gramu ngapi, hutiwa maji lita ngapi, na hupewa ng'ombe wa uzito gani, kisha waandike, pamoja na pale dawa iliposhindwa. Mzee wangu nimeshamuuliza. Amekubali, na amesema kinu atakuja nacho mwenyewe, ofisa alete mizani.

Mfugaji,
Wete, Pemba.