Mjomba, kahawa unalipa wewe

Shikamoo mjomba. Hii nakuandikia hadharani makusudi manake kwenye simu huniachi nimalize, na ubishi wenyewe ulianza mbele za watu pale barazani, uliposema hakuna ngome duniani iliyowahi kuishinda Fort Jesus, atakayekuonyesha utamnunulia baraza zima kahawa na kashata. Wamekusikia wote.

Basi mimi juzi nimefika Murud, kusini ya Mumbai, nikapanda mashua ya tanga pale Rajapuri (mashua kama zetu tu na nahodha analaumu upepo vilevile) tukaenda ngome inaitwa Janjira. Jina ni la Kiarabu, jazira, kisiwa. Kuta zinaota majini moja kwa moja, hakuna ufuo wala pa kukanyaga, unavyosogea unaona buruji za duara zimejipanga tu, mlango huuoni! Umefichwa katikati ya buruji mbili, mpaka chombo karibu kigonge jiwe ndo unajitokeza. Sasa we chukulia ni adui, unazungukazunguka na majahazi unatafuta pa kuingilia na huku mizinga inakuangalia toka juu. Mmoja unaitwa Kalal Bangdi, dubwana, nilikuta watoto wameupanda kama punda. Na pale mlangoni wamechonga mnyama kama simba kawabana ndovu kwenye makucha, yaani hata kabla hujapigana ushatukanwa.

Ndani kuna mabwawa mawili ya maji baridi, chumvi pande zote na walinzi wake walikuwa wanakunywa maji matamu. Ngome yako Waomani waliizingira toka 1696 mpaka 1698, njaa na maradhi yakawamaliza waliokuwa ndani kabla ya panga.

Na ujue waliokuwa wanaishika Janjira ni kina nani? Masiddi, watu wenye asili ya Afrika, wengi mababu zao wa upande wa Uhabeshi, kuna waliopelekwa utumwani, kuna askari, kuna mabaharia, wakapanda vyeo mpaka wakawa watawala wa kisiwa na makamanda wa manowari za Mughal, dola kubwa ya India enzi hizo. Shivaji, mfalme wa Wamaratha, huyo ambaye huku sanamu zake ziko kila mahali, alijaribu na akafa 1680 hajaipata. Mwanawe Sambhaji mwaka 1682 akaanza kumwaga mawe baharini apate njia ya kuvuka kwa miguu, nayo akaiacha njiani. Wareno, Waingereza, hola. Masiddi walitawala hadi 1948 dola yao ilipounganishwa na India.

Fort Jesus mwaka 1631 Yusuf bin Hassan, sultani wa Mombasa, aliichukua akiwa ameingia kwa mlango, mjomba, kwa mlango! Na fundi aliyeichora, Cairati, alikuwa mchoraji mkuu wa Wareno huku huku India, kwa hiyo hata hiyo sifa mna ubia.

Narudi wiki ijayo. Kashata mimi napenda za nazi.