Jiliwa Linakuja kwa Basi

Mwanangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka Keko. Sisi sote wazima, na bibi yako kila jioni anauliza kama huko Dodoma baridi imekuzidi. Ujumbe wako nimeusoma, pamoja na ile orodha ya vifaa unavyotaka kununua kwa mkopo wa VICOBA. Msumeno wa umeme na mashine ya randa nunua, sina ubishi. Kazi ya kupasua na kulainisha mbao ghafi ukiifanya kwa mkono, mteja atakukimbia kabla hujafika nusu. Ila ile seti ya patasi na randa kwenye boksi lenye picha, iondoe kwenye orodha, mama, badala yake tafuta zana za mkono za zamani. Nakupa sababu, maana najua wewe hukubali jambo kwa kuambiwa tu.

Chuma cha patasi zile ni laini. Unanoa asubuhi, ukishatoboa matundu mawili ya mninga makali yamejikunja. Misumeno mipya ya bei rahisi nayo, meno yake yametiwa ugumu kwa umeme mpaka tupa haiyaingii. Yakiisha makali unatupa msumeno mzima. Msumeno wa zamani unaunoa kwa tupa ya pembe tatu mwaka baada ya mwaka, na hela uliyotoa inaendelea kukufanyia kazi.

Randa nyingi za chuma utakazozikuta kwa mafundi zinafuata mchoro wa Mmarekani mmoja, Leonard Bailey, ambaye haki zake zilinunuliwa na kampuni ya Stanley mwaka 1869. Kampuni ya Record ya Sheffield, Uingereza, ilianza kutengeneza za mtindo huohuo mwaka 1931. Faida kwako ni kwamba randa ya saizi namba 4 ya Stanley na ya Record zote hutumia kisu cha inchi 2. Kwa hiyo ukikuta randa iliyovunjika mwili, inunue kwa bei ya chuma chakavu, chukua kisu, skrubu na mpini, uweke koponi. Siku ya kuvihitaji itafika. Huo ndio ukusanyaji ninaouheshimu. Kupanga randa kabatini ili wageni wazitazame ni kuzinyima haki yake.

Utashangaa vitu hivi vilivyofika mbali. Vingine vililetwa na karakana za reli, vingine na misheni. Wabenediktini wa Peramiho na Ndanda walifundisha useremala miaka mingi, na wanafunzi wao walisambaa nchi nzima. Halafu kulikuwa na shirika la Uingereza lililoitwa Tools for Self Reliance, pale Netley Marsh. Watu wa kujitolea, wengi wao wastaafu, walikusanya zana zilizolala kwenye magereji ya watu, wakazitoa kutu, wakazinoa na kuzituma kwa mafundi wa Tanzania na nchi nyingine za Afrika. Nikiwafikiria wazee wale nawapenda bila kuwajua. Halafu zana hiyohiyo, mwenyewe akifariki, watoto wanaipeleka kwenye mzani wa vyuma chakavu ikayeyushwe iwe nondo. Jambo hili linaniuma sana, ndiyo maana nakuomba upite kwa wale wa mizani kabla gari la kiwandani halijapita.

Sasa sikiliza namna ya kuchagua. Kutu isikutishe, nyingi iko juu juu tu. Angalia ufa. Mwili wa randa na wa jiliwa, kile kibano cha benchi, ni chuma cha kusubu, kikipasuka hakichomelewi na kila mchomeleaji. Ning'iniza randa kwa kidole, uigonge taratibu kwa ukucha wa nyundo; nzima hulia, yenye ufa hutoa sauti mbovu. Tazama pembeni mwa mdomo wa kisu, ndipo nyufa zinapoanzia. Kisu chenyewe kigeuze mgongo: kama kutu imechimba vishimo karibu na makali, hutapata makali safi mpaka uvisage vyote. Ukiona patasi ina mhuri wa CAST STEEL, usiiache. Ni chuma kilichoyeyushwa kwenye vyungu vya udongo, njia aliyoianzisha Benjamin Huntsman pale Sheffield miaka ya 1740, na ukali wake utauona kwenye mbao.

Kutoa kutu hakuhitaji dawa ya dukani. Laza vipande kwenye siki usiku mmoja, sugua kwa brashi ya waya, kisha suuza kwa maji ya magadi ili kuua ile asidi, ukaushe juani na kupaka mafuta ya cherehani papo hapo. Ukichelewa, kutu mpya ya rangi ya chungwa inaota ukiwa unaitazama. Rangi ya zamani usiipige msasa mkavu, huenda ina risasi, ilowanishe kwanza.

Makali nayo yana adabu yake. Ukitumia jiwe la mashine, chovya kisu kwenye maji kila mara. Ncha ikigeuka bluu, ugumu umeshaondoka, na sehemu hiyo uisage yote itoke. Sawazisha mgongo kwanza, ndipo unoe mteremko, digrii 25 za kusaga na kama 30 za kumalizia kwenye jiwe la mafuta. Ukipapasa mgongo na kuhisi kikwaruzo chembamba toka kona hadi kona, umefika. Kitoe, kisha pitisha kisu kwenye ngozi ya mkanda.

Mvule ndio utakaokupima. Nyuzi zake zinapishana, randa ikienda vizuri mstari huu, mstari unaofuata inanyofoa. Kile kibamba kinachokaa juu ya kisu kisogeze mpaka kibaki chini ya milimita moja kutoka kwenye makali, na mdomo wa randa uubane. Maranda yatatoka yamenyooka, na uso wa ubao utateleza kama kioo. Kuwa macho na mawe ya mvule, yale madonge meupe ya chokaa ndani ya mti. Ukiyaona, yatoe kwa patasi mbovu kwanza, usiyapitishie kisu chako kizuri.

Nakutumia jiliwa la Record namba 52½, lile lililokuwa chini ya benchi kubwa. Nimelikuta mara nyingi jiliwa la aina hii likiuzwa kama bovu kwa sababu haling'ati. Ukilipindua utaona nusu nati inayobanwa na springi kwenye skrubu kubwa. Ukiminya kile kikono cha mbele nati inashuka, na taya linasogea huru kwa mkono mmoja. Grisi iliyoganda na unga wa mbao vikijaa kwenye hesi, ile mifereji ya skrubu, nati haikai, basi mwenye nalo anadhani limekwisha. Mafuta ya taa, mswaki wa zamani na subira ya jioni moja vinalirudisha kazini. Ukishalisafisha weka mafuta mepesi tu, grisi nzito itakukusanyia unga tena.

Lina zaidi ya kilo 15, kwa hiyo njoo stendi na kijana wa kukusaidia. Litafika Jumamosi jioni, nimeliandika jina lako na namba yako ya simu kwa rangi nyeupe. Lifunge kwa bolti zinazopita benchi lote, skrubu za mbao zitang'oka. Juu ya taya liwe sawa na uso wa benchi au chini kidogo, na kila taya ulivalishe ubao wa mninga ili lisiume kazi yako. Utaona taya zinagusana juu kabla ya chini. Usihangaike kuzinyoosha, zimetengenezwa hivyo ili zikikazwa zibane sawasawa.

Ndani ya kifurushi kuna pia randa namba 4 na patasi tatu nilizozitia mipini ya mpera. Bado hazijanolewa kwa kumalizia, hiyo ni kazi yako. Zikishakata, nipigie uniambie kibamba umekiweka umbali gani.

Baba yako