Kabla hujalilipia godoro, lipime uzito

Rafiki yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi, wewe, shemeji na watoto, nikitumaini kwamba barua hii itawakuta nyote wazima. Sisi huku hatujambo. Barua yako imenifikia, na nilipofika mahali unapoeleza kwamba unaamka umechoka kuliko ulivyolala, na kwamba kiuno hakikuachii mpaka utembeetembee kwa nusu saa, nilitabasamu, uniwie radhi, kwa sababu maneno hayo hayo niliyasema mimi miaka michache iliyopita, nikiyasingizia uzee na kazi, kumbe mwenye hatia nilikuwa nikimtandikia shuka kila asubuhi kwa mikono yangu mwenyewe.

Umeniuliza ununue godoro la aina gani. Kabla ya kukujibu, acha nikusimulie jinsi nilivyokosea. Niliingia dukani nikiwa na haraka, nikabonyeza magodoro manne au matano kwa kiganja, na lile lililoniitikia kwa ulaini kuliko mengine ndilo nililolichukua. Lilikuwa na kitambaa kizuri chenye maua, nene, jepesi kiasi kwamba kijana mmoja alilitwisha kichwani bila kuhema. Wahenga walisema kizuri chajiuza, lakini kwenye biashara ya magodoro kinachojiuza mara nyingi ni kitambaa. Hata miezi minane haijaisha, katikati pakawa na bonde. Ukilala pembeni unateremka, ukilala katikati magoti na kichwa vimeinuka na kiuno kimezama. Nilirudi kulalamika, nikaambiwa kwamba huenda sisi ni wazito.

Siku nilipoliondoa, niliamua kulifanyia uchunguzi. Nilipanda kwenye mizani ya bafuni nikiwa nimelikumbatia godoro limekunjwa, nikatoa uzito wangu, nikapata kilo kumi na nusu. Kitambaa chake nilikivua na kukipima peke yake, kikawa kilo moja na nusu. Kwa hiyo sponji yenyewe ilikuwa kilo 9. Upana wake ulikuwa mita 1.5, urefu mita 1.9 na unene sentimita 20, yaani ujazo wa mita za ujazo 0.57. Ukigawanya kilo 9 kwa 0.57 unapata takriban 16, na hiyo ndiyo densiti yake: kilo 16 kwa kila mita ya ujazo. Kumbe nilikuwa nimelipa fedha nyingi kununua hewa iliyofungwa kwenye maua.

Nimekueleza kwa kirefu kwa sababu hapo ndipo lilipo jambo lenyewe. Watu wengi hudhani kwamba densiti ni ugumu, na wauzaji wengi hawawasahihishi. Ni mambo mawili tofauti. Densiti inakuambia ni malighafi kiasi gani imo ndani ya sponji, na kwa hiyo itastahimili kwa muda gani kubanwa kila usiku na kurudi katika umbo lake. Ugumu unakuambia sponji inakusukuma kwa nguvu kiasi gani unapoilalia. Kiwandani sponji inaweza kutengenezwa ikawa ngumu huku densiti yake ni ndogo, na ikawa laini huku densiti yake ni kubwa. Ile ngumu yenye densiti ndogo ndiyo ya hatari zaidi, kwa kuwa dukani inajifanya imara na nyumbani inachoka kabla ya mwaka. Kiganja chako hakiwezi kutofautisha. Mizani inaweza.

Kwa hiyo usitosheke na kuambiwa kwamba godoro ni la densiti ya juu, uliza namba. Muuzaji akikosa namba, mwombe uzito wa godoro, halafu piga hesabu hiyo niliyokuonyesha. Kwa kipimo cha godoro langu lile lile, sponji ya densiti ya 30 ingekuwa na kilo 17 hivi, karibu mara mbili ya niliyouziwa. Kwa maoni yangu, mtu mzima anayelala kila usiku asishuke chini ya 25, na kwa kuwa shemeji ana mwili, ninyi anzeni 30 kwenda juu. Sponji ya densiti ya chini ya 20 ifae kitanda cha mgeni anayelala mara moja moja. Hadhari moja: yapo magodoro yaliyotengenezwa kwa vipande vya sponji vilivyosagwa na kugandishwa pamoja kwa gundi. Hayo huwa mazito sana na hayabonyei upesi, ila ni magumu, na hesabu ya uzito peke yake itakudanganya ukiyalinganisha na sponji ya kawaida. Ndiyo maana napenda godoro lenye zipu: fungua kidogo, utazame. Sponji nzima ina rangi moja. Ya vipande ina madoa ya rangi mchanganyiko.

Sasa nije kwenye ugumu, maana umeniandikia kwamba jirani amekushauri ulalie godoro gumu kama ubao kwa ajili ya kiuno. Ushauri huo ni wa zamani na una wafuasi wengi, hata baadhi ya matabibu waliwahi kuutoa. Mwaka 2003 jarida la tiba la Lancet lilichapisha utafiti uliofanyika Hispania kwa watu 313 wenye maumivu sugu ya kiuno, ambao baadhi yao walipewa magodoro magumu na wengine magodoro ya ugumu wa kati, bila kuambiwa nani amepewa lipi. Baada ya siku 90, waliolalia ya ugumu wa kati ndio waliopata nafuu zaidi, kitandani na wakati wa kuamka. Sababu yake si ngumu kuielewa. Mwili una mabonde na milima. Ukilala chali juu ya kitu kigumu mno, mabega na makalio ndiyo yanayobeba mzigo wote na kiuno kinaning'inia bila kitu chini yake. Juu ya kitu laini mno, makalio yanazama na uti wa mgongo unapinda kama upinde. Hata hivyo, maumivu yakikushukia mguuni au ukihisi ganzi, nenda kwa daktari kwanza. Hayo hayatibiwi na godoro.

Kipimo cha nyumbani ni hiki. Lala chali juu ya godoro, kaa hivyo kwa dakika kadhaa mwili ulegee, halafu jaribu kupitisha kiganja chini ya kiuno. Kikipita bila kugusa kitu, godoro ni gumu mno kwako. Kisipopita kabisa mpaka ujiinue, ni laini mno. Kikipita kwa kubanwabanwa kidogo, umekaribia. Kisha geuka ubavu, kwa kuwa najua wewe hulala hivyo, na umwombe shemeji akutazame kwa nyuma: uti wa mgongo kuanzia shingoni hadi kiunoni unatakiwa uwe mstari ulionyooka, si wenye kudidimia katikati. Anayelala ubavu anahitaji godoro linaloyaruhusu mabega na nyonga kuingia kidogo, ilhali anayelala kifudifudi anahitaji gumu zaidi ili tumbo lisizame. Usione haya kulala dukani. Mtu akinunua viatu huvivaa na kutembea navyo, nawe unataka kununua kitu utakachokuwa juu yake karibu theluthi ya maisha yako. Vua viatu, lala dakika 10, mwache muuzaji aongee na wateja wengine.

Tena mwende wawili. Umeeleza kwamba shemeji akigeuka unaamka, na hilo ni tatizo la godoro kama lilivyo la usingizi wake. Magodoro ya springi za kawaida, ambazo zimeunganishwa pamoja kwa waya, hurusha mtikisiko kutoka upande mmoja hadi mwingine. Zipo springi ambazo kila moja imefungwa ndani ya mfuko wake wa kitambaa, zikabonyea kila moja peke yake. Hizo ni tulivu zaidi, na ghali zaidi pia. Sponji nzuri nayo humeza mtikisiko vizuri, na kuliko zote ni ile sponji inayobonyea polepole na kushika umbo la mwili, ambayo chanzo chake ni kazi iliyofanywa kwa ajili ya NASA, shirika la anga za juu la Marekani, mwaka 1966 ili kuboresha viti vya ndege. Mimi siipendi. Inashika joto, na mtu mwenye kujigeuzageuza kama mimi huhisi amenaswa kwenye matope. Lakini wapo wanaoiapia, kwa hiyo ijaribu mwenyewe. Lateksi, yaani mpira uliotiwa vitundu vya hewa, inadumu sana na inapitisha hewa, ila uzito wake utawatoa jasho siku ya kulipandisha ngazi.

Kuhusu unene, usihangaike kupita kiasi. Sentimita 20 za sponji nzuri ni bora kuliko 30 za hewa kama niliyonunua mimi. Na maandishi ya kwenye lebo yanayodai kwamba godoro ni la mifupa au la kitabibu usiyalipie chochote cha ziada, kwa kuwa maneno hayo peke yake hayakuelezi densiti wala ugumu.

Sasa lile wazo lako la kulitandika godoro jipya juu ya lile la zamani ili kupata unene. Tafadhali usifanye hivyo. Bonde la chini litalivuta la juu, na katika muda mfupi utakuwa na mabonde mawili badala ya moja. Kabla ya kununua chochote, liondoe hilo la zamani na uzikague chaga za kitanda. Mimi nilizikuta mbili zimevunjika katikati, na nyingine zimeachana kiasi kwamba mkono mzima ulipita. Chaga zikiwa zimeachana zaidi ya sentimita 7 au 8, sponji huingia kwenye nafasi zile na kuanza kukatika kutokea chini, na hakuna godoro litakalokuvumilia. Fundi seremala aliniongezea chaga tano na mti mmoja wa kuegemeza katikati kwenda sakafuni, kazi ya asubuhi moja. Lakini usimruhusu apigilie ubao mzima usio na tundu, wala usiweke godoro moja kwa moja sakafuni, kwa kuwa mwili hutoa unyevu usiku kucha, na unyevu huo usipopata pa kutokea huzaa ukungu upande wa chini, ambao hutauona mpaka uanze kuunusa.

Likishafika nyumbani, livue nailoni yote, hata kama muuzaji atasema kwamba nailoni inalikinga na vumbi, kwa maana inakinga hewa pia. Liache wazi kwa siku moja au mbili dirisha likiwa wazi ili harufu ya kiwandani itoke. Livalishe mfuko wa kitambaa unaofuliwa, kwa sababu jasho na chai ya kitandani (najua tabia yako) vikiingia kwenye sponji havitoki tena. Miezi mitatu ya mwanzo lizungushe kila mwezi, upande wa kichwani uende miguuni, na baada ya hapo mara mbili au tatu kwa mwaka inatosha. Usiligeuze chini juu isipokuwa kama limetengenezwa kulaliwa pande zote mbili. Yenye tabaka laini juu yana uso mmoja tu. Na ukitaka kulianika, lianike kivulini penye upepo. Jua kali huua unyevu, ni kweli, lakini mwanga wake huifanya sponji iliyo wazi kuwa ya manjano na kumomonyoka kama mkate mkavu.

Dhamana nayo isome kabla ya kutoa fedha. Tafuta mahali panapoeleza bonde la kina gani ndilo litakalohesabiwa kuwa kasoro, kwa kuwa dhamana ya miaka 10 isiyosema lolote juu ya kubonyea haitakusaidia siku ya kubonyea. Risiti uiweke, na lebo usiikate. Mimi niliikata kwa sababu ilikuwa inanikwaruza mguu, na siku ya kulalamika hiyo ndiyo iliyokuwa hoja yao ya pili, baada ya ile ya uzito wetu.

Godoro ninalolalia sasa ni la densiti ya 32, ugumu wa kati, na mwaka huu linaingia wa sita. Usiku wa kwanza sikulipenda. Niliona gumu, nikajuta, nikamwambia mwenzangu tumetapeliwa tena. Wiki ya tatu ndipo nilipogundua kwamba nimeamka na kuinama kufunga kamba za viatu bila kushika ukuta. Kwa hiyo nawe ukilinunua lako, lipe wiki kadhaa kabla ya kulihukumu, na ukipata muuzaji anayekubali kulibadilisha ndani ya mwezi mmoja, mpe yeye kipaumbele hata kama bei yake imezidi kidogo.

Mkishazunguka madukani, niandikie vipimo na uzito wa yale mawili au matatu yatakayowavutia, nami nitakupigia hesabu na kukurudishia majibu kabla hamjalipa. Msalimie sana shemeji, na umwambie asikubali kuambiwa kwamba ni mzito.

Ni mimi rafiki yako akupendaye.