Toboa tundu la breki kabla ya rangi

Mwanangu,

Picha za fremu ya baiskeli ulizotuma nimezitazama hadi simu ikazima. Maungio uliyoyapiga tupa yakachongoka kama ncha za majani, sijayaona kwa fundi yeyote hapa Kariobangi, nami nimechomelea hapa tangu hujazaliwa. Nimemwonyesha kila jirani. Lakini nikaivuta karibu picha ya foki, ule uma wa gurudumu la mbele, nikatafuta tundu la breki, sikuliona.

Unasema waya wa breki utaharibu umbo, na kwamba baiskeli hii inaenda kwenye maonyesho Uingereza, haiendi barabarani. Mwanangu, kitu chenye kiti na pedali kitapandwa. Atakayeinunua ana mtoto, ana mpwa. Na huko huko Uingereza sheria inadai breki barabarani. Ukingoja kutoboa baada ya rangi, drili itaibambua na utaona uchungu, kisha utaniambia basi. Nakujua. Toboa sasa.

Sipingi urembo. Black Mamba, zile baiskeli nzito za zamani, watu walizipamba, wakaziandika majina kwenye madigadi, wakazifunga viakisi kila mahali. Ila keria ilibeba kreti za mkate, na zile breki za fito zilishika.

Kwa lehemu ya fedha umenipita, nakiri. Inayeyuka chini ya digrii 700 na shaba njano inakaribia 900, kwa hiyo mrija mwembamba hauungui. Lakini fedha haizibi pengo. Mirija isipokaa barabara, kiungo hakishiki, hata kikipakwa rangi gani. Mimi nilikuwa naziba kwa shaba, napiga msasa, napaka. Yule mteja aliyevunjika bega mteremkoni, hukuwahi kuambiwa kwa nini nilimpelekea pesa za hospitali miezi mitatu. Fremu yake ilisifiwa mtaa mzima.

Kwa hiyo usinikasirikie nikirudia breki.

Shangazi yako anauliza ile pesa uliyonunulia mirija. Nusu nimemlipa, nyingine mpigie wewe mwenyewe, usimwachie mama yako aibu. Ungekubali ile kazi ya mageti usingekopa, lakini hayo tuyaache. Mama yako amekushonea sweta, anasema baridi ya huko si ya Limuru. Tokeni ya stima inakaribia kuisha, na bawaba ya mlango wa choo imeng'oka tena.

Njoo Jumapili kabla ya safari. Beba drili kwa ajili ya mlango. Na foki uje nayo.

Baba yako