Mwanangu, usibaki peke yako na hiyo mashine

Mwanangu mpendwa,

Makala yako mpya tumeipata. Mdogo wako amenisomea aya kwa aya, na pale tulipokwama tumetia alama ya kalamu ili ukija utueleze. Jina lako limetangulia mengine yote, nami kila nikipita mezani nalitazama. Lakini juzi kwenye simu ulisema, kama jambo dogo tu, kwamba wenzako wameshaondoka na wewe unasubiri mashine ya kuchapa vipande vya metali imalize uisafishe. Usiku ule, peke yako. Tangu hapo sijatulia.

Kazi yenyewe nimeielewa kiasi. Poda ya metali inatandazwa tabaka jembamba, leza inayeyusha pale panapotakiwa, linafuata tabaka jingine, hivyo hivyo mpaka kitu kinainuka. Punje nyingi zina maikromita (sehemu ya elfu ya milimita) 15 hadi 45 tu. Kilichonikaa kichwani ni habari ya silikoni. Ikiwa asilimia 10 hivi ndani ya alumini, aloi, yaani huo mchanganyiko, inatiririka vizuri na haipasuki ovyo ikipoa. Silikoni tupu ina mambo yake: inayeyuka kwenye nyuzi 1,414, inatanuka inapoganda, na ikishapoa inavunjika kama kioo. Umeeleza vizuri, na umefanya jambo la maana kuweka picha za vipande vilivyojaa nyufa pamoja na vile vizima. Wengi wangevificha.

Ila katika kurasa zote hizo sijaona mstari unaosema ni nani anayechekecha hiyo poda, wala nani anayebadilisha chujio la mashine. Masizi yanayonasa mle ni laini kuliko poda yenyewe, na yanaweza kushika moto yakikutana na hewa. Wewe mwenyewe uliniambia moto wa titani au alumini haumwagiwi maji, maana metali inayowaka huyavunja maji ikatoa hidrojeni. Na agoni je, ile gesi inayojazwa ndani ya mashine? Haina rangi, haina harufu, ni nzito kuliko hewa. Ikivuja kwenye chumba kilichofungwa, mtu anaanguka kabla hajajua amekosa nini. Ukianguka saa sita za usiku, nani atafungua mlango?

Tena kuna ile asidi ya hidrofloriki unayoondolea oksidi kwenye silikoni. Ulisema ikiwa hafifu maumivu yanaweza kuchelewa kwa saa kadhaa, huku yenyewe imeshapenya ndani. Jeli ya kalsiamu, ile ya kupaka asidi hiyo ikikugusa, iko karibu na mkono wako, au iko kabatini kwa mtu mwenye ufunguo? Na barakoa iwe ile inayobana uso, mwanangu, si kipande cha kitambaa. Nguo za kazi zibaki hukohuko.

Najua makala ya pili ina tarehe yake. Najua pia unapenda kufanya kila kitu mwenyewe. Tabia hiyo hukuitoa mbali, hata baba yako anajua ilikotoka. Lakini mwombe msimamizi wako mtu wa kukaa nawe. Akisema hakuna mtu, iache mashine mpaka asubuhi. Kipande kilichokwisha kuchapwa hakiozi mle ndani. Nakuomba tena, usiifungue ukiwa peke yako.

Huku bomba la jikoni limetengenezwa, halivuji tena. Baba yako amepata miwani mipya, na sasa anasema maandishi ya zamani yote yalikuwa madogo mno. Mdogo wako anataka umpitie fomu ya maombi ya chuo kabla hajaituma. Ameandika anataka uhandisi, na hakutuuliza. Chumba chako tumekipaka rangi. Madaftari yako ya hesabu yako kwenye boksi, baba yako anataka yaende stoo, mimi nimekataa mpaka utamke wewe.

Nijibu kuhusu fomu na madaftari, na katika barua hiyohiyo niandikie jina la mtu utakayekuwa naye zamu ya usiku.

Mama yako